Dondoo muhimu: Ongoza kliniki ya meno kwa vitendo

Katika misafara ya Wanyamwezi ya karne ya 19, kutoka Tabora hadi Bagamoyo, kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, alitangulia mbele ya wapagazi, naye akiwa na mzigo wake. Wewe unayeongoza timu ya kinywa na meno, iwe Tabora, Urambo au Nzega, fanya vivyo hivyo:

• Nawa kwanza. Shirika la Afya Duniani linaelekeza sekunde 40 hadi 60 kwa maji na sabuni. Ukikwepa wewe, msaidizi wako naye atakwepa.

• Sindano uliyotumia itupe mwenyewe. Itie kwenye kisanduku cha usalama papo hapo. Usimwachie mhudumu wa usafi hatari uliyoisababisha wewe. Kisanduku kikifika robo tatu, kifungwe.

• Usiharakishe mashine ya mvuke ya kutakasia vifaa. Foleni ikiwa ndefu, ukatoa koleo za kung'olea meno kabla ya muda wake, umewafundisha watumishi kwamba usalama wa mgonjwa si lazima.

• Salimia kabla ya kuagiza. "Shikamoo mzee" itangulie "fungua kinywa". Wa mapokezi watakuiga.

• Wahi kazini. Ukichelewa, waombe radhi wagonjwa na wenzako.

• Sifu hadharani, kosoa faraghani. Aliyeaibishwa mbele ya mgonjwa hatathubutu kukuonya unapokosea.

Chagua moja, anza nayo kesho asubuhi, na uishike hata pale ambapo hakuna anayekutazama.