Daftari la makosa: kujiandaa kwa LSAT

Kijana wa kwetu aliyemaliza shahada ya kwanza Marekani au Kanada na sasa anataka kusomea sheria hukohuko, wa kwanza kumpa ushauri humwambia afanye mtihani wa mazoezi kila siku mpaka alama zipande. Ushauri huo huchosha sana na hufundisha kidogo. Anayefanya maswali 25 kisha akakaa saa mbili kuyachambua atamwacha mbali anayefanya 100 na kuhesabu tu aliyopata.

Sababu ni kwamba LSAT, mtihani wa kuingilia shule za sheria huko, haipimi sheria. Hakuna kifungu cha katiba ndani yake wala kesi ya kukariri. Kuna sehemu nne, kila moja ya dakika 35, na mapumziko ya dakika 10 baada ya ile ya pili. Zinazohesabiwa ni tatu: mbili za kuchambua hoja na moja ya ufahamu. Ya nne ni ya majaribio, lakini hutaambiwa ni ipi, kwa hiyo zote zipe nguvu ileile. Alama huanzia 120 hadi 180. Insha hufanywa kando na haina alama, ila shule huipata. Yale mafumbo ya kupanga watu na viti yaliondolewa kuanzia Agosti 2024, basi ukirithi kitabu cha zamani, ruka sura za mafumbo hayo.

Hoja nazo huwa fupi. Chukua hii: mtaa wetu uliwekewa taa za barabarani mwaka jana, mwaka huu wizi umepungua, kwa hiyo taa ndizo zilizopunguza wizi. Ukiulizwa ni jibu gani linadhoofisha hoja hiyo, usikimbilie majibu. Yafunike kwanza, useme kwa maneno yako pengo liko wapi. Huenda polisi waliongeza doria wakati uleule. Huenda wizi ulipungua hata mitaa ambayo bado ina giza. Ukishaliona pengo, majibu matano hayatakubabaisha, maana kadhaa kati yake yatataja taa na wizi bila kuligusa.

Hapa nataka kukaa kidogo na sisi tunaofikiri kwa Kiswahili, kwa sababu lugha yetu inaweza kutuponza pasipo sisi kujua. Neno la Kiingereza “some” vichwani mwetu hugeuka kuwa “baadhi”, na ukisema baadhi ya wanafunzi wamefaulu, msikilizaji anajua wengine wamefeli. LSAT haina maana hiyo. Kwake “some” ni angalau mmoja, na huenda ni wote. Au fikiria mama anayesema, “Hutoki nje mpaka uoshe vyombo.” Mtoto akiosha anatoka, na mama hashangai. Kwenye mtihani, sentensi ya namna hiyo inasema tu kwamba bila kuosha vyombo hutoki; haiahidi kwamba ukiviosha utatoka. Tofauti kati ya sharti la lazima na sharti linalotosha ndiyo mtego ninaouona ukinasa watu wengi zaidi, hata wale ambao Kiingereza chao hakina doa. Tenga wiki mbili nzima kwa ajili yake.

Sasa kazi yenyewe. Fungua akaunti ya LawHub, ambako waandaaji wa mtihani wameweka mitihani ya mazoezi ya bure. Mwezi wa kwanza weka saa pembeni. Jibu maswali, na kila ulilolitilia shaka liwekee alama. Kabla ya kutazama majibu sahihi, rudia hayo yenye alama polepole, bila kuhesabu dakika. Ukilipata mara ya pili, tatizo lako ni kasi. Ukilikosa tena, tatizo ni uelewa, na hilo kasi haitalitibu.

Kisha daftari. Kwa kila kosa andika mambo matatu: jibu ulilochagua lilikuvutia kwa nini, lina kasoro gani, na lile sahihi limefanya nini ambacho lako halikufanya. Usiandike “sikuwa makini”, kwani hilo halikufundishi chochote. Andika “nilidhani neno ‘wengi’ ni wote”. Baada ya kurasa ishirini utaanza kuona kosa lilelile linarudi kwa nguo tofauti.

Saa ilete baadaye. Sehemu ya hoja yenye maswali 25 inakupa sekunde 84 kwa swali. Ya ufahamu ina mafungu manne, karibu dakika tisa kila fungu. Anayefanya kazi zamu za usiku ajipe miezi sita, saa moja na nusu kwa siku akiwa ameshalala vya kutosha.

Usijiandikishe kwa pupa ili “ukaonje”. Unaruhusiwa kuufanya mara saba tu maishani, na shule huona alama zako za miaka ya karibuni. Jiandikishe pale mitihani mitatu ya mazoezi mfululizo inapokupa alama zinazokaribiana na unayoitaka. Na siku yenyewe, dakika ya mwisho ya kila sehemu, jaza kila swali lililobaki hata kwa kubahatisha: jibu lisilo sahihi halipunguzi alama.