Hekaluni na Nazareti: Watoto Wetu na Juma la Nyimbo

Somo kwa walimu wa dini na kwa wazazi



Kila mwaka, shule zikiisha kufungwa mwanzoni mwa Julai, twawakusanya watoto wa shule ya msingi hapa misioni, Bunia, tuwafundishe nyimbo za Misa kwa muda wa juma moja. Na kila mwaka baba fulani au mama fulani huja kuniuliza neno lile lile: «Mwalimu, mtoto akishinda huko akiimba, nani atateka maji?» Zamani nilidhani swali hili latoka katika imani haba. Siku hizi najua kwamba ni swali la katekisimu, tena gumu, maana lahusu amri ya nne. Tulitazame polepole.

Kwanza tukumbuke kwa nini twaimba. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia iliyotolewa tarehe 4 Desemba 1963, uliagiza kwamba kwaya zikuzwe kwa bidii (namba 114), na kwamba muziki wa asili wa mataifa yaliyofikiwa na wamisionari upewe heshima na nafasi inayoustahili (namba 119). Sisi wa Kongo tulikuwa tumekwisha kuonja jambo hilo. Mwaka 1958, huko Kamina katika Katanga, watoto wa shule na walimu wao, wakiongozwa na Padri Guido Haazen, Mfransiskani, waliimba Missa Luba, yaani maneno ya Kilatini kwa sauti na ngoma za kwetu. Tena mwaka 1988 Roma iliidhinisha utaratibu wa Misa kwa majimbo ya Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule. Basi mtoto anayejifunza kuimba Misa hachezi. Ajifunza utumishi.

Asubuhi twafundisha noti. Nachora ngazi ubaoni, watoto wapanda na kushuka kwa sauti: do, re, mi. Hupenda kusikia habari za Guido wa Arezzo, mtawa wa Italia wa karne ya 11, aliyechoka kuona waimbaji wake wakijifunza kila wimbo kwa kukariri tu. Aliutwaa utenzi wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji, ambao kila mstari wake waanza juu kidogo kuliko uliotangulia, akazifanya silabi za mwanzo kuwa majina ya sauti. Silabi ya kwanza ilikuwa «ut». Baadaye watu waliigeuza kuwa «do», kwa kuwa yaimbika vizuri zaidi. Mtoto akijua hayo haogopi tena wimbo mpya. Mchana twala, twapumzika, kisha twajifunza ngoma na kayamba, na jioni twasali.

Lakini watoto 60 wanaoimba wahitaji maji, kuni, moto, na sufuria kubwa iliyooshwa. Maharagwe hayajichambui mawe yenyewe. Hapo ndipo somo la dini linapoanza kweli kweli, nami nilichelewa kuliona.

Mwaka mmoja tulikuwa na mvulana mwenye sauti safi kabisa, aliyekuwa akiimba peke yake wakati wa zaburi. Zamu yake ya kuosha vyombo ilipofika alikataa. Akasema kwamba nyumbani kwao kazi hiyo ni ya dada zake. Nilimwita baba yake, nikitumaini msaada. Baba akanijibu kwa adabu: «Mwalimu, ni kweli asemavyo. Hata mimi sikuosha.» Sikuwa na neno. Nilikwenda mwenyewe kwenye majivu na mchanga, nikaanza kusugua sufuria mbele ya wote. Baba alisimama kitambo, kisha akakunja mikono ya shati. Mtoto alipomwona baba yake ameinama, naye akaja. Siwezi kusema kama dada zake walipata nafuu baadaye. Nasema niliyoyaona siku ile tu.

Sasa nieleze kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifundisha zaidi.

Wasomaji wa mbali wajue kwamba hapa Ituri tuliona vita kuanzia mwaka 1999 hadi 2003, na kwamba tangu Desemba 2017 mapigano yaliwaka tena katika Djugu, yakawafukuza watu wengi sana katika vijiji vyao. Wengine walikuja Bunia, wakakaa katika mahema na vibanda, kama vile kule Kigonze. Kati ya wanafunzi wangu walikuwamo watoto wa watu hao. Mmoja alikuwa binti wa miaka 11, mwenye sikio la ajabu. Wimbo aliousikia mara mbili alikuwa ameushika.

Wakati ule juma letu la nyimbo tuliliita kambi ya waimbaji. Tuliagiza kila mtoto alale misioni usiku wote sita, alete kilo 2 za maharagwe, na asitoke mpaka Dominika. Yule binti hakuja. Siku ya pili, mbele ya watoto wote, nilifundisha habari ya Bwana wetu alipokuwa na miaka 12 Hekaluni. Nikasema kwamba yeye alijua kukaa katika mambo ya Baba yake, na kwamba mzazi anayemzuia mtoto asimwimbie Mungu amnyima Mungu kilicho chake. Watoto wana miguu na midomo. Kabla ya jioni maneno yangu yalikuwa yamefika kwa mama yake.

Alikuja kesho yake asubuhi, amebeba mtoto mchanga mgongoni, na bidoni tupu mkononi. Hakupaza sauti. «Mwalimu,» akasema, «hilo neno kambi usinitajie. Mwaka wa tatu huu nalala kambini. Mtoto wangu akitoka kambi moja, unamwita katika kambi nyingine? Mimi nakwenda kulima shamba la watu nipate unga. Huyu aliye mgongoni, nani amshike? Na kilo 2 za maharagwe, kama ningekuwa nazo, tungezila juzi.» Kisha akanisalimu kwa heshima, akaenda kupanga foleni ya maji.

Nilimweleza jambo hilo mzee mmoja, katekista aliyefundisha dini kabla mimi sijazaliwa. Nilitazamia anifariji. Akaniuliza: «Ile Injili ya Hekaluni uliifundisha mpaka wapi?» Nikajibu: «Mpaka maneno ya Bwana kwa wazazi wake.» Akasema: «Basi umefundisha nusu. Soma mstari unaofuata.»

Walimu wenzangu, tufungue Luka, sura ya 2, kuanzia mstari wa 41 hadi 52. Mtakatifu Luka aeleza mambo mawili, nasi hatuna ruhusa ya kuyatenga. La kwanza ni kwamba Bwana Yesu alikaa Hekaluni kati ya waalimu, akiwasikiliza na kuwauliza. Mariamu na Yosefu walimtafuta siku tatu kwa uchungu, na hawakuelewa alilowaambia. La pili ni kwamba hakubaki Hekaluni. Alishuka pamoja nao mpaka Nazareti, akawatii. Tangu hapo mpaka alipobatizwa, akiwa na umri wa miaka kama 30, Luka hatuambii neno jingine isipokuwa kwamba alikua. Yaani kwa siku tatu za Hekaluni kuna miaka kama 18 ya nyumba, ya karakana ya seremala, ya maji na kuni. Mwana wa Mungu hakuona kwamba miaka hiyo ilipotea bure.

Mtu aweza kuuliza: Je, mtoto akiitwa kanisani na mama yake akamwita nyumbani saa ile ile, amtii nani? Najibu hivi. Amri ya nne huwafunga watoto, lakini huwafunga pia wazazi, na walimu, na wote wenye mamlaka juu ya mtoto. Mzazi hana ruhusa ya kumfanya mtoto mtumwa wa nyumba, asipate muda wa sala wala wa shule. Mwalimu naye hana ruhusa ya kupanga mambo matakatifu kwa namna ambayo mtoto wa maskini hawezi kuyafikia ila kwa kumwacha mama yake katika shida. Mwalimu akifanya hivyo, ndiye anayemtia mtoto katika vita ya amri mbili, kisha amlaumu kwa kushindwa. Hilo ndilo lililokuwa kosa langu. Haikunisaidia kitu kwamba nyimbo zenyewe zilikuwa nzuri.

Tulibadili mambo kadhaa. Jina la kambi tuliliacha, tukasema juma la nyimbo. Saa ya kuanza tuliisogeza mpaka saa 3 asubuhi, ili watoto wawe wamekwisha kuteka maji ya nyumbani, na saa 10 alasiri twawaruhusu. Walalao misioni ni wale tu watokao mbali, kwa kibali cha wazazi. Kilo 2 za maharagwe tulizifuta. Kila nyumba huleta iwezacho, kama ni kuni, kama ni chumvi, kama ni mikono mitupu. Na neno lililoleta kelele nyingi kati ya walimu: tuliruhusu watoto waje na wadogo zao. Mwalimu mmoja aliona kwamba tumeharibu kazi. Kwa kweli siku ya kwanza mtoto mchanga mmoja alilia kila tulipofika kwenye «fa», wala si kwenye sauti nyingine, mpaka waimbaji wakashindwa kwa kicheko. Siku ya tatu wadogo wale walikuwa wakilala mkekani wakibembelezwa na sauti ya pili.

Nilikwenda kwa yule mama kuomba radhi. Hilo halikuwa rahisi, maana mwalimu hapendi kuinama. Alinisikiliza, hakujibu upesi. Kisha akauliza: «Sombe ya watoto 60 anatwanga nani?» Nikasema: «Bado hatuna mtu.» Akaja yeye mwenyewe siku mbili, baada ya shamba, pamoja na jirani zake wawili. Wakatwanga. Tena waliwaonyesha wavulana namna ya kushika mchi, wakiwacheka sana.

Nataja jambo moja zaidi. Zamani watoto walikula wakikaa na wenzao wa mtaa au wa lugha, na sisi walimu tukahubiri juu ya umoja, nao wakaitikia ndiyo, wakaendelea kukaa vile vile. Sasa hatuhubiri. Twagawa sahani kwa sauti: wa sauti ya kwanza wanne wanne kwenye sahani moja, wa sauti ya pili kadhalika. Sauti haiulizi kabila. Mwaka ule tulifundisha wimbo mmoja kwa Kilendu. Yapasa kujua kwamba Wahema wengi wa upande wa kaskazini husema lugha ile ile ya jirani zao Walendu. Basi mtoto wa huku na mtoto wa huko walinisahihisha kwa pamoja, maana matamshi yangu yalikuwa mabaya, wakabishana wenyewe kwa wenyewe juu ya neno moja huku wakimega bugali mmoja. Nilikaa kimya niwasikilize.

Dominika tuliimba Misa. Yule binti aliimba zaburi, na mama yake alikuwa nyuma karibu na mlango, na mtoto mchanga mgongoni. Misa ilipokwisha, wageni walitaka kumpongeza binti, lakini hawakumwona. Alikuwa kwenye bomba pamoja na yule mvulana wa kuosha sufuria na wengine watatu. Walikuwa wakijaza bidoni za akina mama waliotwanga sombe, maana foleni ya jua la mchana ni ndefu.

Juma la nyimbo la likizo ijayo litaanza Jumatatu, saa 3. Wazazi mtakaoleta watoto, wapeni sahani na kijiko. Asiye navyo aje vivyo hivyo. Na mwenye mdogo wa kubeba, aje naye.