Machenza na Damu Yetu



Chenza ni tamu, humenyeka kwa vidole, tena lina vitamini C. Vitamini hii huusaidia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mchicha, ambayo hujenga damu. Basi mama mjamzito na watoto wale machenza pamoja na chakula. Mtoto mdogo mtolee mbegu zisimpalie.

Namna ya kuyahifadhi:

1. Vuna kwa kukata kikonyo. Ukivuta, ganda huchanika, kuvu ikaingia.
2. Usiyaoshe mpaka wakati wa kula.
3. Yaweke kivulini katika kikapu, si mfuko wa plastiki. Hukaa kama wiki moja.
4. Lililooza liondoe upesi.

Mwenye uchovu, kuhema na viganja vyeupe asingojee machenza. Afike zahanati apimwe damu.