Betri Haijafa: Hesabu ya Wati Kwenye Gemu ya Mkononi

Mwezi uliopita nilikuwa nimeshakubaliana na jamaa wa bweni la pili nimuuzie Steam Deck yangu kwa bei ya kutupa. Nikicheza mpira, chaji ilikuwa inakata ndani ya saa moja na nusu, na fundi niliyempelekea aliniambia betri imekufa. Umeme wa bwenini mnaujua wenyewe. Kabla sijaikabidhi nikakaa nikapiga hesabu, na ndiyo nataka tuipitie hapa.

Betri hupimwa kwa wati-saa. Steam Deck ya kwanza, iliyotoka Februari 2022, ina betri ya wati-saa 40. Yangu imetumika, imebaki na 36 hivi. Pembeni ya kioo kuna kitufe cha nukta tatu. Ukikibonyeza unaweza kuwasha takwimu zinazoonyesha betri inatoa wati ngapi huku gemu ikiendelea. Nikawasha: wati 24. Gawanya 36 kwa 24, unapata saa moja na nusu kamili. Kumbe betri ilikuwa inafanya kazi yake barabara, mlaji ni mimi!

Nikatoka kwenye gemu, nikakiacha kifaa kwenye menyu tu. Wati 7. Hizo ni za kioo, Wi-Fi, memori na mengineyo. Zile 17 zilizobaki ni za gemu, na sehemu kubwa inaliwa na chipu, ambayo imewekewa kikomo cha wati 15.

Sasa hapa ndipo penye utamu. Umeme unaoliwa na chipu unakwenda na idadi ya mapigo yake kwa sekunde, mara volteji, mara volteji tena. Ukipunguza mapigo, chipu inaridhika na volteji ndogo pia, na volteji inahesabiwa mara mbili. Tuseme mapigo yameshuka asilimia 20 na volteji asilimia 10: 0.8 × 0.9 × 0.9 = 0.648. Yaani umepoteza moja ya tano ya kasi, ukaokoa zaidi ya theluthi ya umeme. Wati za mwishoni ndizo ghali. ROG Ally ya 2023 ina betri ya wati-saa 40 vilevile, na chipu yake inaweza kusukumwa hadi wati 30. Kasi haiwi maradufu ya ile ya wati 15, lakini chaji haifiki hata saa moja na dakika 20.

Kuna suala la fremu pia. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila picha inakaa milisekunde 16.7, fremu 30, milisekunde 33.3. Katikati yake ni milisekunde 25, na hizo ni fremu 40, si 45 kama unavyoweza kudhani. Nikafunga gemu yangu ya hadithi kwenye fremu 40, chipu nikaipa wati 8. Jumla ikasoma 15, yaani saa 2 na dakika 24. Macho yangu hayakulalamika.

Nikaingiwa na tamaa, nikashusha chipu hadi wati 4. Jumla 11, saa 3 na robo. Gemu ikaanza kukwama, na nyongeza haikufika hata saa moja, kwa sababu zile 7 za menyu hazishuki. Nikarudi kwenye 8.

Mvutano huu ni wa zamani. Game Boy ya 1989 ilitumia betri nne ndogo, kioo hakina rangi wala taa, na ilidumu zaidi ya saa kumi. Game Gear ya 1990 ilikuja na rangi na taa, ikala betri sita ndani ya saa 3 hadi 5. Nintendo iliuza zaidi ya milioni 118, ukijumlisha Game Boy Color. Sega iliishia takriban milioni 10. Si betri peke yake iliyoamua, magemu nayo yalichangia, ila mzazi anayenunua betri kila wiki ana kura yake.

Mpira bado nauacha kwenye 60, maana nikishusha vidole vinahisi kuchelewa, na huo naucheza nikiwa nimechomeka. Jamaa wa bweni la pili nimemwomba radhi. Amenikasirikia kidogo, ila ameomba nimpimie na ya kwake.