Handaki, Pango au Shimo? Msamiati wa Utalii wa Vita Katika Eneo la Lanet

Mtalii azuruye Cu Chi nchini Vietnam huinama na kutambaa katika njia za chini kwa chini walimojificha wapiganaji wakati wa vita dhidi ya Marekani. Baadhi ya njia hizo zimepanuliwa ili wageni wapite. Kwa Kiswahili huitwa mahandaki. Hata hivyo, neno handaki, lenye asili ya Kiarabu, kimsingi humaanisha mtaro wa kujikinga na adui, ulio wazi juu. Handaki la aina hiyo lilichimbwa ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya katika miaka ya 1950, wanavijiji wakishurutishwa na serikali ya kikoloni ili wapiganaji wa Mau Mau wakatiwe chakula. Pango nalo ni uwazi ulioumbwa na maumbile.

Tofauti hii si ya kikamusi tu. Mgeni aelekezwaye kwenye “mahandaki ya Wasirikwa” karibu na Lanet, nje kidogo ya Nakuru, hufika Hyrax Hill akitarajia giza na njia nyembamba. Akutanapo na bonde dogo la mviringo lililoota nyasi, huona amedanganywa. Na kweli, neno limemdanganya.

Neno shimo nalo lilizua dhana kwamba watu waliishi humo. Uchimbuaji wa Mary Leakey hapo Hyrax Hill mwaka 1937 na 1938, wa Merrick Posnansky huko Lanet mwaka 1957, na hasa tafiti za John Sutton, umewezesha tafsiri nyingine: yalikuwa mazizi ya ng’ombe. Nyumba ilijengwa kando, na mlango wake ukafungukia zizini, hivyo mwizi wa mifugo hakuweza kuifikia pasipo kupita katikati ya ng’ombe. Kina cha zizi kiliongezeka kadiri samadi na tope vilivyozolewa na kutupwa nje, hata likatokea tuta kando ya lango. Lango lenyewe lilikuwa moja, jembamba, upande wa mteremko.

Kwa hiyo vita vimo, ila ni vita vya kugombea mifugo, vya karne nyingi kabla ya bunduki. Ninapendekeza istilahi “zizi la kujihami”, ingawa haina mvuto wa kibiashara kama handaki. Mwongoza watalii aanzie langoni, si ukingoni juu, amsimamishe mgeni pale aliposimama mlinzi, kisha amwulize ni watu wangapi wangeweza kupita hapo kwa pamoja.