Mtoto alilia kwenye mstari wa kulipa

Mama Mkubwa,

Mimi ni mama wa mtoto wa kwanza, msichana, ametimiza miezi minne. Nakaa Kampemba, hapa Lubumbashi, na bwana yangu pamoja na mama yake. Jumamosi iliyopita nilikwenda mjini, kwenye duka moja kubwa lenye vigari vya kusukuma, kununua sabuni, mafuta na maziwa ya unga ya chai ya mama mkwe. Ilikuwa mwisho wa mwezi, watu wamejaa. Nikiwa kwenye mstari wa kulipa mtoto akaanza kulia. Nikamtoa mgongoni, nikaketi juu ya katoni za maji, nikamnyonyesha. Nilijifunika kwa kikwembe, lakini yeye hupiga mateke. Mlinzi akaja akasema hapa si sokoni, niende nje ama chooni. Mama mmoja aliyevaa vizuri akaongeza kwamba sisi wasichana wa siku hizi hatuna haya. Nikaacha vitu vyangu, nikatoka.

Jirani yetu alikuwa pale. Kabla sijafika nyumbani bwana yangu alikuwa amekwisha kupigiwa simu. Hakupaza sauti. Alisema tu kwamba mwili wa mke wake si wa kuonyeshwa dukani. Kesho yake akaleta biberoni na kopo la maziwa: kuanzia sasa nikitoka, mtoto abaki na mama mkwe. Mama mkwe hasemi neno. Je, nimsikilize bwana yangu? Na lile duka, nisirudi tena?

Mama kijana, Kampemba

Jambo sana, mwanangu.

Umeniletea watu wanne katika barua moja: mlinzi, mama wa nguo nzuri, jirani mwenye simu, na bwana yako. Watatu wa kwanza wasikukoseshe usingizi. Lililonifanya nikujibu wiki hii, na barua nyingine zingoje, ni lile kopo.

Tummalize mlinzi kwanza. Ni mtoto wa watu, anasimama tangu asubuhi, na mkubwa wake amemwambia duka lisifanane na soko. Lakini hana sheria mkononi. Hakuna sheria ya Kongo inayomkataza mama kunyonyesha mbele za watu. Wapo wanaopenda kutaja kile kifungu cha sheria ya jinai kuhusu kuvunja heshima hadharani, ila kumlisha mtoto si tendo la uchafu. Tena Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inampa mama anayenyonyesha mapumziko mawili ya nusu saa kila siku ya kazi, na muda huo unalipwa kama kazi. Sheria inayomlazimisha tajiri kulipa dakika za kunyonyesha haiwezi kumgeuza mama huyo huyo mhalifu akiketi juu ya katoni za maji.

Chooni usiende, na sidhani kama nahitaji kueleza. Nje nako, inategemea mwezi. Asubuhi ya Juni au Julai baridi ya Lubumbashi inauma hata mtu mzima mwenye koti; Oktoba jua linachoma lami. Akikuambia tena, mwambie kwa sauti ya chini: «Papa, naomba kiti, nikimaliza nitaendelea kulipa.» Asiposikia, omba kumwona msimamizi wa duka. Usibishane na mlinzi mtoto akiwa ziwani. Atanyonya vibaya, nawe utaondoka na hasira na mgongo unaouma.

Usidhani ni wewe peke yako. Mei 2018 mkahawa mmoja wa Nairobi ulitajwa kwa kumtaka mama ajifunike au aende chooni, na wanawake wakaandamana barabarani. Scotland ilipitisha sheria mwaka 2005: anayemzuia mtu kumlisha maziwa mtoto wa chini ya miaka 2 mahali pa watu wote ndiye anayetenda kosa. Sisemi tuige Scotland. Nasema tu kwamba mama wa nguo nzuri, akidhani anatetea ustaarabu wa Ulaya, amechelewa kupata habari.

Na hapa kuna jambo linalonichekesha kidogo. Panda basi, ushuke soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Mama anauza sombe, mtoto yuko ziwani, mkono mwingine unahesabu franka, na mteja anaomba aongezewe. Hakuna anayegeuza shingo. Wanunuzi ni wanaume wale wale ambao saa moja baadaye wataingia katika duka la mjini na kuona aibu kwa kitu kile kile. Maduka mengi ya namna hiyo yako upande ambao zamani, Lubumbashi ilipoitwa Élisabethville, ulikuwa mji wa Wazungu, ambako babu zetu hawakuruhusiwa kutembea usiku bila karatasi. Pengine ndiyo maana mpaka leo tunaingia huko kwa kunyata, kana kwamba kuna mtu atatuuliza tumefuata nini.

Sasa kopo.

Litazame vizuri kabla ya yote. Kama ni maziwa ya unga ya kawaida, yale yale ya chai ya mama mkwe, hayafai kabisa kwa mtoto wa miezi minne, hata uyachanganye na maji mengi kiasi gani. Nyumba nyingi hapa mjini zinakosea papo hapo, kwa sababu makopo hukaa rafu moja na picha zake zinafanana. Kama ni maziwa ya watoto wachanga, yasome maandishi, halafu piga hesabu na bwana yako. Mtoto wa umri huo akilishwa maziwa ya kopo peke yake hunywa karibu gramu 120 za unga kwa siku. Kopo la gramu 400 halimalizi siku nne. Zidisha kwa mwezi mzima, kisha ongeza makaa ya kuchemshia maji.

Na maji yenyewe? Wajua unavyoishi. Bomba la REGIDESO linatoa leo, kesho limekauka. Bidoni inatoka kwenye kisima cha jirani. SNEL ikikata umeme, maziwa yaliyobaki katika biberoni yanachacha mezani. Kipindupindu kimepita Lubumbashi zaidi ya mara moja, nacho hakiogopi nyumba zenye vigae. Maziwa yako hayahitaji moto wala bidoni. Karibu sehemu 88 katika 100 ni maji, ndiyo sababu mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji kupewa maji mengine hata katika joto la Oktoba. Hilo ndilo shauri la Shirika la Afya Duniani: ziwa peke yake mpaka miezi 6, kisha ziwa pamoja na chakula mpaka miaka 2 na zaidi. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 ulikuta kwamba katika nchi yetu watoto 48 tu kati ya 100 wa chini ya miezi 6 ndio waliokuwa wakipewa ziwa peke yake. Waliobaki si wote waliochukuliwa na kopo. Wengi walipewa maji na uji mapema, na waliowapa ni mashangazi na mabibi wenye nia njema.

Kuna jambo ambalo bwana yako huenda hajaambiwa. Ziwa hutengeneza kadiri linavyonyonywa. Ukitoka Jumamosi, mtoto akapewa biberoni, kifua chako kitajaa na kuuma, pengine kipate homa, na mwili utaelewa kwamba maziwa hayo hayahitajiki tena. Wiki chache za namna hiyo, maziwa yanaweza kupungua kweli. Hapo watu watasema: «Unaona, maziwa yake hayatoshi.» Kopo la Jumamosi linakuwa la kila siku bila mtu yeyote kukata shauri.

Na kopo hili lina historia yake kwetu. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt aliandika mwaka 1988 jinsi wakoloni wa Kongo ya Kibelgiji walivyoudhika kwamba mama zetu walinyonyesha miaka miwili, hata mitatu, na kwamba muda huo mume hakumkaribia mkewe. Watoto walipishana sana, na wakoloni walitaka wazaliwe wengi zaidi. Kampuni kama Union Minière, iliyoruhusu wachimbaji wake kuishi na familia kambini, zilitazama watoto hao kama mikono ya kesho. Kliniki zikafunguliwa, maziwa yakagawiwa, mama wakahimizwa kuachisha mapema. Nawaheshimu masista na madaktari waliookoa watoto wagonjwa, walikuwapo. Lakini ukisikia kwamba kopo ni maendeleo na ziwa ni ushamba, ujue wazo hilo lilifika mjini petu likiwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na hesabu zake.

Nayo hesabu ya bwana yako ni hii. Mama anayenyonyesha peke yake, mchana na usiku, ambaye hajaona siku zake, na mtoto hajatimiza miezi 6, hulindwa asishike mimba nyingine kwa kiasi cha 98 katika 100. Sharti moja likivunjika, kinga inapungua. Biberoni ni njia nyepesi ya kulivunja. Mwulize kama yuko tayari kwa mtoto wa pili kabla wa kwanza hajatembea. Mwulize kwa upole, nawe ukitabasamu.

Usinielewe vibaya: simcheki. Mume aliyepigiwa simu na jirani ameumia. Hakuona alichokiona jirani; amekiona kichwani mwake, na kichwani mambo huwa makubwa. Ukianza na haki zako atasikia kesi, atajitetea. Ngoja jioni, amekwisha kula bukari yake, mtoto amelala. Kisha fanya jambo dogo. Vaa unavyovaa ukitoka, mchukue mtoto akiamka, keti kwenye kiti kilicho upande wa pili wa chumba, umnyonyeshe. Yeye asimame mlangoni, mahali angesimama mgeni wa dukani, akuambie anaona nini. Mara nyingi ataona kisogo cha mtoto na kikwembe, basi. Akiona zaidi, mrekebishe pamoja mpaka aridhike. Akishika kikwembe kwa mkono wake mwenyewe hatakuwa tena hakimu wa jambo hilo.

Ili usiaibike katika zoezi hilo, nikupe siri mbili tatu za wanaojua. Libaya iwe na vifungo mbele, au fulana nyepesi chini yake ya kuvutwa juu, ili tumbo lisionekane. Kikwembe cha pili kipite bega moja na kufungwa kwa pini, kikufunike kifua na si uso wa mtoto. Huenda anapiga mateke kwa sababu anapata joto humo ndani. Mnyonyeshe kabla ya kutoka, na tena kabla hujaingia kwenye mstari. Na usingoje kilio. Mtoto mwenye njaa huanza kwa kugeuza kichwa na kutia mkono mdomoni; akilia amekwisha kukuita mara tatu. Sokoni omba kigoda kwa mama yeyote muuzaji, atakupa. Lakini mkoba uupitishe mguuni, kwani vijana wa mikono myepesi wanajua mama anayenyonyesha hawezi kukimbia.

Ikitokea siku lazima uende bila mtoto, hospitali au mazishi, kamua kwa mkono safi katika kikombe safi chenye kifuniko. Mahali pa baridi maziwa hayo hukaa saa nne hivi. Mama mkwe amnyweshe kwa kikombe kidogo polepole. Kikombe kinaoshwa kirahisi kuliko biberoni. Na kama kuna dawa unazotumia au ugonjwa unaokutia wasiwasi, neno la mwisho ni la muuguzi wa kituo unachopimia mtoto. Si la jirani, wala langu.

Nimemwacha mama mkwe makusudi. Umeandika kwamba hasemi neno, nami nadhani kimya chake kinakusubiri. Mwanawe huyo anayeona aibu alinyonya wapi? Kwenye basi, kanisani, kwenye mstari wa maji, kama sisi wote. Usimlaumu mume wako mbele yake. Mwombe tu, wakati nyote watatu mmekaa: «Mama, wewe ulifanyaje ukienda sokoni na huyu?» Halafu nyamaza. Mwachie yeye aseme na mwanawe. Lugha yao wanaijua.

Dukani urudi. Sabuni bado inahitajika, na uliacha vitu vyako pale. Nenda na bwana yako Jumamosi, yeye asukume kigari. Mtoto akidai, mpeni. Mlinzi akimwona baba amesimama hapo, sidhani kama atakuwa na hotuba ndefu.

Kopo, kama halijafunguliwa, lirudishwe au apewe mama aliyeandikiwa na daktari. Mtoto akitimiza miezi sita niandikie tena, tuzungumze juu ya uji: mzito wa kukaa kijikoni, wenye karanga zilizosagwa laini, huku ziwa likiendelea. Hapo mama mkwe wako atakuwa na mengi ya kusema, nami sitamkatiza.

Mama Mkubwa