Kabla ya Kumwokota Ndege Aliyekufa: Vibali vya Vielelezo vya Kufundishia

Ndege wa porini hata akifa ana mwenyewe. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inamhesabu mnyama wa porini aliyekutwa amekufa kuwa nyara ya Serikali, na nyara kwa mujibu wa sheria hiyo ni pamoja na mfupa, kucha, yai na hata nyoya. Basi mwalimu wa baiolojia anayemkuta bundi kagongwa na gari alfajiri, akamtia mfukoni ili wanafunzi wayaone manyoya ya bawa lake yenye ukingo kama kitana, yale yanayomwezesha kuruka bila kusikika, ana nia njema kabisa. Lakini mfukoni mwake kuna mali ya Serikali, na kukutwa nayo bila idhini ni kosa. Adhabu hupimwa kwa thamani ya nyara, na kwa nyara za thamani kubwa kifungo huanzia miaka 20. Kesi za namna hiyo huweza pia kufunguliwa kama uhujumu uchumi.

Simwelezi mwalimu haya ili aogope akaacha. Vielelezo vinafundisha kitu ambacho picha ya kitabuni haiwezi, na ndege mmoja aliyehifadhiwa vizuri anaweza kuhudumia madarasa kwa miongo kadhaa. Mwaka 1990 watafiti waliokuwa katika Hifadhi ya Nechisar, kusini mwa Ethiopia, waliokota mzoga wa mpasuasanda aliyekanyagwa na gari. Kilichosalia cha maana kilikuwa bawa moja tu. Bawa hilo, likiwa na tarehe na mahali lilipopatikana, lilitosha wanasayansi kutangaza mwaka 1995 kwamba ni spishi isiyojulikana kabla. Huko Uingereza, mtafiti Derek Ratcliffe alipima maganda ya mayai ya kozi yaliyokusanywa miaka mingi na kuhifadhiwa, na mwaka 1967 akaonyesha kwamba maganda yalianza kuwa membamba tangu miaka ya mwisho ya 1940, wakati DDT, sumu ya kuua wadudu, ilipoanza kumwagwa mashambani. Wakusanyaji wa mayai yale hawakuwa na habari yoyote ya sumu hiyo. Waliandika tu walikoyatoa na lini.

Kwa hiyo kibali na lebo ni kazi moja. Vyote viwili vinajibu swali lilelile: ndege huyu katoka wapi, lini, na kwa njia gani? Asiyeweza kumjibu afisa wanyamapori hatakuwa na la kumwambia mtafiti.

Anza hivi. Ukimkuta ndege amekufa, usimguse. Mpige picha alivyolala, juu na ubavuni, ukiweka kalamu kando yake ili ukubwa uonekane. Andika mahali, saa, na unachodhani kimemuua: nguzo ya umeme, kioo cha dirisha, gari. Kisha mpigie afisa wanyamapori au afisa maliasili wa halmashauri yako. Akikuruhusu kumchukua, omba ruhusa hiyo iwe ya maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu wenye jina lake na tarehe, wakati kibali chenyewe kinashughulikiwa. Ndani ya hifadhi ya taifa usiokote chochote, hata nyoya lililodondoka. Humo mwambie askari wa TANAPA, Shirika la Hifadhi za Taifa.

Kibali cha kukaa na vielelezo kiombwe kwa Mkurugenzi wa Wanyamapori, Wizara ya Maliasili na Utalii, Dodoma, kwani sheria inampa mamlaka ya kutoa idhini maalumu kwa ajili ya utafiti, makumbusho na elimu. Pitisha barua kwa afisa huyo wa halmashauri, maana yeye ndiye atakayeulizwa kama anaifahamu shule yenu. Mwombaji awe taasisi, si mtu binafsi. Barua iwe na kichwa cha shule au chuo na saini ya mkuu, na iseme bila kuzunguka: ndege gani kwa jina la Kiswahili na la kisayansi, wangapi, watapatikanaje, watatunzwa chumba gani chini ya ufunguo wa nani, watafundishia mada gani, na watapelekwa wapi siku shule ikiwa haiwahitaji tena. Sentensi inayofaa kuwekwa ni hii: “Hatutawinda wala kununua, tutapokea tu ndege waliokufa kwa ajali au waliokabidhiwa na maafisa wa wanyamapori.” Ombi la kukusanya “ndege mbalimbali” linaacha maswali mengi mno na hukaa mezani. Mkitaka kufanya utafiti, siyo kufundisha tu, ziko pia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na kila moja ina utaratibu wake.

Tai, vipanga, bundi na kasuku wanahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu takriban wote wamo katika orodha za mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Zawadi ya bawa la kipanga kwa shule rafiki ya Ulaya haiwezi kuvuka mpaka bila vibali vya nchi zote mbili.

Wako ndege ambao msiwaguse hata mkiwa na kibali mkononi. Kweleakwelea waliokufa kwa maelfu baada ya ndege ya Serikali kupita ikiwanyunyizia sumu wana fenthioni, sumu yenyewe, mwilini. Kunguru wa Bara Hindi wa miji ya pwani nao wamewahi kuuawa kwa chambo cha sumu. Mkikuta ndege wengi wamekufa pamoja bila sababu inayoonekana, iwe ziwani au chini ya mti, toeni taarifa kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Huenda ni mafua ya ndege au kideri, na mkibeba mzoga mmoja mnaweza kupeleka maradhi kwenye banda la kuku la shule. Hata kwa ndege mmoja vaeni glavu na barakoa.

Ukisharuhusiwa, mfunge ndege katika mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, na tia karatasi ya maelezo ndani, si nje tu, kwa sababu maandishi ya nje hufutika kwa barafu. Mgandishe kwenye friji isiyohifadhi chakula. Kazi ya kuchuna ngozi na kujaza pamba mpeni fundi wa makumbusho au wa chuo cha wanyamapori kama Mweka. Lebo ifungwe kwa uzi miguuni na iandikwe kwa penseli: jina, tarehe, kijiji na wilaya, chanzo cha kifo, aliyemkuta, namba ya kibali. Rangi ya macho, mdomo na miguu iandikwe kabla hajakauka, maana hupotea. Kama mguuni ana pete ya chuma, kama ilivyo kwa baadhi ya ndege wanaokuja kwetu kutoka Ulaya, nakilini namba na maandishi yake yote, kisha pelekeni taarifa kwa kituo kilichotajwa juu yake.

Shule zinazorithishwa vielelezo vya zamani zijihadhari pia. Ngozi za ndege zilizotengenezwa miaka mingi iliyopita mara nyingi zilipakwa aseniki kuzuia wadudu, na aseniki haiishi nguvu. Ziwekwe ndani ya kabati la kioo, wanafunzi wasizishike.

Wakati mnasubiri majibu, fundisheni kwa ndege wa kufugwa. Bawa la kuku au bata likitandazwa kwenye ubao, likabanwa kwa pini na kunyunyiziwa chumvi kwenye nyama, hukauka vizuri na halihitaji kibali cha wanyamapori. Makumbusho ya Elimu Viumbe, Arusha, yanafaa kwa ziara ya darasa zima.

Zanzibar ina sheria yake, ya mwaka 1996 inayohusu misitu, na maombi huenda kwa idara inayosimamia misitu huko. Kenya nayo, kwa sheria yake ya mwaka 2013, inalihesabu nyoya kuwa nyara. Huko ofisi ni ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na Makumbusho ya Taifa, Nairobi, yana mkusanyo mkubwa wa ndege ambao walimu wanaweza kuuomba kuutembelea.

Mkipata kibali, fungueni daftari. Kila ndege awe na mstari wake, na nakala ya kibali ibandikwe ukurasa wa kwanza. Mwalimu akihamishwa, vielelezo havihami naye hata kama ni yeye aliyeviandaa kwa mikono yake. Akabidhi daftari na ufunguo mbele ya mkuu wa shule, wote wawili watie saini, na barua ya kumtaja msimamizi mpya iende kwa afisa wanyamapori.